Kuchambua Mchele wa Jirani

"Unalipwa shilingi ngapi?"

Swali hilo ameniuliza mama, ameniuliza mjomba, na ameniuliza mwenye nyumba wetu usiku mmoja aliponikuta kibarazani saa saba, laptopu mapajani na mbu miguuni. Jibu langu halibadiliki: silipwi. Kila nikilitoa, mtu hunitazama kwa jicho la huruma, kama anavyotazamwa mlevi mpole. Kijana mzima, diploma ya kompyuta anayo, anakesha na bando lililonunuliwa kwa hela ya mama yake, anasoma malalamiko ya watu wa Brazili, India na Ujerumani asiowajua wala wasiomjua, halafu hapati hata senti. Kijiweni kwetu Mwananyamala washikaji wamenibatiza jina, Mzee wa Malalamiko. Nikipita tu utasikia, "Mzee, leo wamelia wangapi?"

Ndugu msomaji, nataka nikueleze kazi yenyewe. Usidhani najisifu. Ukivumilia ukafika katikati utanikuta nimefanya jambo la aibu, tena aibu isiyo na wa kumsingizia.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maandishi ya mafundi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa nia hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, na leo simu za Android tulizonazo mifukoni zinatembea juu ya kiini hicho hicho. Hata kwetu mambo haya si mageni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Mimi nilijiunga na mradi mmoja wa programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Jina lake naliweka kapuni. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezungusha bahasha mjini mpaka soli za viatu zikaisha, na kila ofisi ilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu nitautoa wapi kama kila mlango unataka niingie nao? Nikasoma mahali kwamba miradi ya namna hii haimwulizi mtu cheti. Nikasema poa, nitaingilia dirishani.

Kuandika msimbo wenyewe kulinishinda. Nilifungua faili moja, nikalifunga kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mkwewe anaoga. Nikaambiwa kwa upole kwamba kuna kazi nyingine, ya mlangoni, na huko watu hawatoshi kabisa. Kazi hiyo ni kuchambua taarifa za hitilafu.

Iko hivi. Mtu yeyote duniani ambaye programu imemletea kasheshe anaruhusiwa kuandika taarifa. Taarifa inapewa namba, inaingia kwenye daftari la wazi ambalo kila mtu analiona. Uwazi huo ni mila ya watu hawa. Mradi wa Debian, katika ahadi zake za mwaka 1997, uliapa kutoyaficha matatizo yake, na mwaka 1998 watu wa Mozilla wakatoa Bugzilla, programu maalum ya kutunzia madaftari kama hayo, ambayo miradi mingi inaitumia hadi leo. Wengi hudhani taarifa ikishaandikwa, fundi anaichukua na kurekebisha. Thubutu! Mafundi ni wachache, taarifa ni maelfu. Nyingine hazieleweki. Nyingine ni jambo moja lililoletwa na watu thelathini kwa majina thelathini. Nyingine ni matusi matupu. Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Mchambuzi anajiuliza mambo matano. Mtu huyu anasema nini hasa? Je, jambo hili limeshaletwa na mwingine? Nikifuata hatua zake, nami naliona tatizo? Lilianza toleo gani? Na uzito wake ni upi: mtu anapoteza kazi yake, programu inaanguka, au ni kitufe tu kimekaa upande?

Hilo la toleo lina utamu wake. Tuseme hitilafu haikuwepo mwaka jana na sasa ipo, na katikati kuna matoleo madogo 1,000. Huyajaribu yote. Unafanya kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi: unapasua katikati, unatazama, unaacha nusu moja, unapasua tena nusu iliyobaki. Kwa majaribio kama 10 tu unafika kwenye badiliko lile lile lililoleta balaa, na fundi anajua pa kushika. Mara ya kwanza nilipofanikiwa ilikuwa saa tisa usiku, na nilipiga kofi mpaka mama akaamka akidhani ni mwizi.

Ukimaliza unabandika alama. Kuna "Haijathibitishwa", kuna "Inasubiri maelezo", kuna "Imerudiwa", na kuna moja maarufu kuliko zote, "Kwangu inafanya kazi". Hii ya mwisho ikumbuke, maana itarudi. Ni sawa na kumlalamikia jirani kwamba bomba halitoi maji, naye akujibu kwake yanatoka, kisha afunge mlango.

Waingereza na Wamarekani huiita hitilafu ya kompyuta mdudu. Neno hilo mafundi walikuwa nalo tangu karne ya kumi na tisa, lakini tarehe 9 Septemba 1947, huko Chuo Kikuu cha Harvard, wahandisi walimkuta nondo halisi ameng'ang'ania ndani ya mashine iliyoitwa Mark II. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kazi yetu nayo wameipa jina la hospitalini, la kupanga wagonjwa mlangoni. Anayekumbukwa kwa jambo hilo ni Dominique Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, aliyewahudumia majeruhi kwa kufuata uzito wa jeraha badala ya cheo cha mtu.

Mimi nikiifikiria kazi hii namwona bibi yangu na ungo wake. Bibi alikuwa akichambua mchele mchana, juani, macho yameingia ndani ya punje. Pumba anapeperusha, chenga anaweka kando kwa ajili ya uji, mawe anatupa. Nilipokuwa mdogo nilidhani hatari ni kuliacha jiwe likaingia chunguni. Bibi alikuwa na hofu nyingine. Kuna punje iliyoshika udongo ambayo kwa macho ya haraka inafanana kabisa na jiwe. Hiyo aliichukua, akaisugua kwa kidole gumba, akaitazama tena kabla ya kuitupa. Hakuwa mtu wa haraka, bibi yule.

Wageni kwenye kazi hii husimuliwa visa vya kuwafunza, na kimoja nilikipenda ile mbaya. Mwaka 2009, kwenye daftari la taarifa la mfumo wa Ubuntu, mtu mmoja aliandika kwamba mkewe analalamika: OpenOffice haichapi siku ya Jumanne. Siku nyingine zote inachapa, Jumanne haichapi. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mama yule akamwonyesha mumewe kwa vitendo, na kweli, Jumanne karatasi haitoki. Walipochimba wakakuta hivi. Ndani ya faili linalotumwa kwenye mashine ya kuchapia mnaandikwa tarehe, na siku huandikwa kwa herufi tatu za Kiingereza. Jumanne ni Tue. Kulikuwa na kijiprogramu kinachotambua aina za mafaili, na kanuni yake moja ilikuwa imekosewa, hivyo kikikutana na herufi hizo kinasema hili si faili la kuchapa, hili ni la lugha ya Erlang. Mashine nayo inakaa kimya. Mama wa watu alikuwa amesema kweli tupu tangu neno la kwanza.

Kisa hiki nilikipeleka kijiweni, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nikajiona nimeelewa funzo lake. Kumbe nilikuwa nimeelewa kichekesho tu.

Miezi ikapita. Nikawa mzoefu, na uzoefu una sumu yake. Mradi wetu ulikuwa na orodha inayoonyesha nani amechambua taarifa ngapi, na jina langu lilikuwa likipanda. Namba zikanilewesha. Nilijua kwamba siku nikiomba kazi nitaweza kuonyesha: tazama, mia tatu, mia nne. Nikajitengenezea jibu moja la Kiingereza safi, nikalihifadhi, nikawa nalibandika kila mahali. Liliomba mambo matatu: toleo la programu, mfumo wa kompyuta, na hatua za kurudia tatizo. Kulibandika hakuchukui hata nusu dakika. Kusoma taarifa vizuri kunachukua robo saa. Wewe piga hesabu mwenyewe nilianza kuchagua nini.

Basi usiku mmoja ikaja taarifa ya mtu ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, herufi zote kubwa. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: KAZI YANGU YOTE HAKUNA. MWANGA UKIENDA, NIKIRUDI FAILI TUPU. MARA TATU SASA. NISAIDIENI.

Nikaguna. Mwanga ukienda? Nikadhani ni mwanga wa skrini, kwamba kompyuta inasinzia na mtu wa watu hajui kuiamsha. Nikabandika jibu langu, nikaweka alama ya "Inasubiri maelezo", nikaenda kwa mwingine.

Kesho yake akajibu: SIJUI TOLEO. KOMPYUTA SI YANGU, NI YA OFISI. TAFADHALI.

Lile neno la mwisho nililiona. Siwezi kusema sikuliona. Nikabandika jibu lile lile mara ya pili.

Hakujibu tena. Taarifa iliyokaa bila maelezo huwa inafungwa baada ya muda mrefu, lakini mimi sikusubiri hata muda huo. Siku ya Jumamosi nilikuwa nikifagia foleni, nikaifunga pamoja na nyingine kumi na tisa, namba yangu ikapanda kwa ishirini. Nikala wali maharage, nikalala.

Zikapita kama wiki tatu. Nilikuwa kibarazani kama kawaida, mama yuko ndani na redio. Mara paaa, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza, redio kimya, watoto wa jirani wakapiga kelele ya pamoja kama wanavyofanya siku zote. Laptopu yangu ikaendelea kuwaka, maana ina betri. Na mama, kutoka ndani, akasema maneno ambayo amekuwa akiyasema tangu nizaliwe:

"Haya, mwanga umeenda."

Ndugu yangu, moyo ulinilipuka. Mwanga umeenda! Mtu yule alikuwa anasema umeme. Alikuwa anasema kwa lugha yangu, kwa Kiingereza kilichojengwa kama Kiswahili chetu au kama lugha nyingine ya watu wanaoishi kama sisi, kwamba umeme ukikatika, ukirudi, faili analifungua analikuta tupu. Mjerumani angekosa kumwelewa ningemsamehe. Mimi niliyekulia kwenye giza la kila wiki, mimi ninayejua kuhifadhi chaji kama mtu anavyohifadhi unga, ndiye niliyemwuliza toleo.

Nikaingia ndani nikamsimulia mama gizani. Mama ni muuguzi mstaafu. Miaka mingi alikaa mapokezi ya zahanati, mlangoni, akiamua nani aingie kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwuliza nini huyo mtu?"

"Nilimwuliza toleo la programu, mama, na mfumo, na hatua za kurudia tatizo."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi mtu akija ameshika tumbo simwulizi jina la ugonjwa. Angelijua, angekuja kwangu kufanya nini?"

Nikanyamaza.

"Halafu akanyamaza, siyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaona amepona." Akawasha tochi ya simu, akaiweka mezani ikimulika dari. "Mwanangu, pale mlangoni mtoto anayelia nilikuwa namshukuru Mungu. Analia, maana yake ana pumzi. Wa kumkimbilia ni yule aliyenyamaza mgongoni kwa mama yake."

Hakusema zaidi. Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi nikaenda kwa mshikaji wangu mwenye steshonari, pale wanapopiga chapa, kutoa fotokopi na kujaza fomu za watu. Ana kompyuta moja ya mezani, ya zamani, imepauka rangi kama jino. Haina betri, haina chombo cha kuishikilia umeme ukikatika. Nikamwambia nataka niiazime mchana mzima, na kazi nitakayoifanya ni kuandika ukurasa mmoja, kuuhifadhi, na kuchomoa waya ukutani.

"Unachomoa waya?"

"Ndiyo."

"Ikiwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kama ishirini."

Akanitazama kama mwenye nyumba wetu. "Mzee wa Malalamiko, ukiniulia mashine, laptopu yako inakuwa yangu." Tukapeana mikono.

Mara ya kwanza nilichomoa, nikawasha, faili lipo zima. Ya pili zima. Ya tatu, ya nne, zima. Mshikaji akaanza kuzuga anafagia ili asitazame. Mara ya saba nikawasha nikalikuta faili, jina lake lipo, mahali pake lipo, ukubwa wake sifuri. Nikalifungua. Jeupe pee. Hata nukta moja hamna.

Nilijua ni kosa baya, lakini kuliona ni jambo jingine. Nilikaa nikiutazama ule weupe nikamfikiria mtu aliyeuona mara tatu, kwenye kompyuta ya ofisi isiyo yake. Katika mara ishirini nilipata sifuri nne.

Nikueleze kwa nini, maana hapa pana somo kwa kila anayeandika kwenye kompyuta. Unapobonyeza kuhifadhi, maneno yako hayaendi moja kwa moja kwenye diski. Kompyuta inayashika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika, halafu baada ya sekunde kadhaa ndiyo inayaandika diskini. Ni kwa ajili ya kasi. Programu makini inaandika faili jipya pembeni, inaiambia kompyuta ihakikishe limefika diskini kweli, kisha ndipo jina la zamani linahamishiwa kwenye jipya. Umeme ukikatika katikati, utakuwa na la zamani zima au jipya zima. Programu yetu, kwenye njia moja ya kuhifadhi, ilikuwa inalifuta la zamani kwanza na kuamini kwamba jipya liko njiani. Ni kama fundi anayeezua bati kuukuu zote kabla lori la bati mpya halijafika. Lori likifika salama hakuna anayejua. Mvua ikiwahi, mtalala nje.

Nilirudi nyumbani nikaifungua tena taarifa ile. Ningeweza kuandika mpya kwa jina langu, safi, yenye hatua zote, na sifa zote zingekuja kwangu. Sitakudanganya, wazo hilo lilinijia, tena likakaa. Lakini namba ile ilikuwa ya mtu mwingine. Nikaandika chini yake kwamba mwenye taarifa alisema kweli tangu siku ya kwanza, kwamba aliyeifunga ni mimi na nilikosea, kisha nikaweka hatua moja moja, pamoja na ile ya kuchomoa waya.

Siku iliyofuata fundi mmoja wa Ulaya akaijaribu. Akabandika: "Kwangu inafanya kazi."

Zamani ningechukia. Safari hii nilicheka peke yangu kibarazani. Kwake lazima ifanye kazi! Ana laptopu yenye betri, anakaa mji ambao umeme ukikatika ni habari ya gazetini. Nikamwandikia kwa adabu: kaka, toa betri, tumia waya peke yake, hifadhi, chomoa mara moja, rudia mara ishirini. Kimya cha siku mbili. Kisha akajibu kwa mstari mmoja kwamba na yeye amepata sifuri, na kwamba anaomba radhi. Haikuisha mwezi hitilafu ikarekebishwa. Katika maelezo ya marekebisho, pale wanapotaja nani aliripoti, likaandikwa jina ambalo mtu yule alijiandikishia. Langu likafuata, kama mthibitishaji.

Siku hiyo nilielewa kitu kuhusu Mwananyamala. Nilikuwa nimeingia kwenye mradi ule nikiona aibu ya nilikotoka, nikijitahidi Kiingereza changu kisinuke vumbi, nikiogopa nisijulikane kwamba naandika kutoka kibarazani. Kumbe kibaraza ndicho kilichonifanya niwe na faida. Kuna hitilafu ambazo haziwezi kuonekana mpaka pawe na mtu anayeishi mahali zinapouma.

Na usidhani vilio vidogo ni vya kudharau. Mnamo Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta aliyokuwa akiifanyia majaribio kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengine wangesema ni intaneti tu. Yeye akafuatilia, akakuta mtu ametega mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ndogo ya kubania mafaili ambayo mifumo mingi ya Linux inaitegemea. Ungesambaa, waliotega wangeweza kuingia kwenye kompyuta za watu wengi mno duniani. Na aliyeutega alipenyaje? Kwa miaka kadhaa alijifanya msaidizi mwema wa mtunzaji aliyekuwa peke yake, amechoka, akifanya kazi ile bila malipo, huku majina mengine yakimsonga na lawama kwamba anachelewa. Nilipokisoma kisa hicho nilimfikiria mtunzaji yule kuliko mlango wenyewe. Mtu anayejitolea naye anachoka, na akichoka anaanza kubandika majibu, au anamwachia ufunguo yeyote anayetabasamu.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Taarifa tano kwa usiku, basi. Jina langu kwenye orodha limeporomoka, na lile jibu langu la kubandika nimelifuta. Siku hizi naanza na swali moja: ulikuwa unafanya kazi gani ilipotokea? Mtu akiulizwa hivyo anafunguka. Mmoja alikuwa anaandika mahubiri ya mazishi ya baba yake. Mwingine alikuwa mwalimu, anajumlisha maksi. Toleo la programu linakuja lenyewe baadaye, wakati mwingine ndani ya picha aliyoipiga kwa simu, vidole vikionekana kwenye kioo.

Wenzangu mnaotaka kuandika, nawaletea kisa hiki ninyi kwa sababu tunafanana. Kila mmoja wetu ana mswada alioutuma mahali akajibiwa na karatasi iliyochapwa kwa watu wote, au hakujibiwa kabisa. Tunalijua jambo hilo linavyouma. Lakini tukipewa kiti cha mlangoni, hata kiwe kidogo namna gani, hata kiwe cha bure, tazama tunavyosahau upesi. Mimi nilidhani mwandishi ni mtu anayejua kusema. Usiku ule wa giza umenifanya nishuku kama nilikuwa nimejifunza kusoma.

Mama bado ananiuliza nalipwa shilingi ngapi, ila sasa anauliza huku ananipa hela ya bando. Kazi ya mshahara nimeipata ya nusu siku, kwa mshikaji wa steshonari. Mashine yake haikufa.

Kuhusu mtu yule, nilimwandikia. Nilimwambia hitilafu imerekebishwa, nikamweleza kwa maneno mepesi namna ya kupata toleo jipya, nikamwomba radhi, nikamwuliza ni kazi gani ilipotea, pengine kungekuwa na namna ya kuiokoa. Nikamwandikia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa kubahatisha. Sasa ni mwaka na zaidi. Kila usiku, kabla sijaanza zile tano, naifungua kwanza namba yake nitazame kama kuna jibu. Hakuna. Sijui kama ni mwanamke au mwanamume, sijui ni nchi gani, sijui kama bado yuko kwenye ofisi ile au alifukuzwa kwa ajili ya mafaili matupu. Ninachojua ni kwamba aliomba mara mbili, kwa adabu, na aliyekuwa mlangoni ni mimi.